Vuteni nyuzi mbili, si moja

Jumamosi nimemkuta mwanafunzi wangu mmoja (simtaji, anajijua) anamwaga ndoo ya maji ya haidrosi (ile dawa ya kuyeyushia rangi) mtaroni huku anaimba. Namuuliza vipi, ananijibu, "Dada, si kitambaa cha pamba? Pamba ni asili, maji yake hayana neno." Nilikaa kwenye kigoda. Ni maneno yaleyale niliyoyasema mimi miaka ile, tena kwa kujiamini zaidi yake. Basi mlioanza batiki mwezi huu, someni kwanza kabla hamjayeyusha nta.

1. Msiamini maandishi ya kwenye jora. Choma uzi. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi, poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Mnajua. Na mimi nilijua, na bado niliaibika.

Kamati ya harusi ilitaka vipande arobaini vya zambarau. Nikashuka Kariakoo, nikapata jora la bei ya kutupa, pembeni limeandikwa pamba asilimia 100. Nikavuta uzi, nikawasha kiberiti: jivu. Nikalipa haraka, muuzaji asije akashtuka. Kumbe uzi niliovuta ulikuwa wa mshindio, yaani wa upana. Mtande wote, nyuzi za urefu, ulikuwa poliesta! Pamba hushika unyevu wa kama asilimia 8.5 ya uzito wake, poliesta 0.4. Rangi zetu za vati huyeyukia kwenye kostiki (soda kali inayounguza) na haidrosi, huingia ndani ya pamba, zikikutana na hewa hugandia humo. Poliesta haina habari nazo. Yenyewe inataka rangi za aina nyingine na joto la nyuzi 130 za Selsiasi ndani ya chombo cha mgandamizo, siyo sufuria yangu ya uani.

Zambarau ikatoka kama zambarau iliyokwisha kumung'unywa. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaongeza rangi. Ikagoma. Nikachanganya upya, kostiki mpya, haidrosi mpya, mara tatu, nikijiambia labda maji hayakuwa ya moto vya kutosha. Saa nane usiku nina vitambaa arobaini vilivyopauka, macho yanawasha, na ndoo sijui ngapi za maji meusi. Nikazimwaga zote kwenye mfereji wa nyuma ya nyumba, nikalala.

Mfereji ule unashukia kwenye matuta ya mchicha ya mama jirani. Asubuhi mchicha ulikuwa umelala chini kama umechemshwa. Kostiki huunguza jani kama inavyounguza mkono wako. Haidrosi nayo huyanyang'anya maji oksijeni, na kama mfereji ungeishia kwenye kidimbwi, samaki wangefuata. Yule mama hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniumiza. Alikuja na beseni la mchicha ulionyauka, akalitua mlangoni kwangu, akasema, "Mwenzangu, hii naiunga kwa nazi au kwa rangi?" Nilimlipa matuta yake, nikarudisha fedha za kamati, na vile vitambaa ndivyo mnavyovikuta vimetandikwa kwenye meza ya nta. Mlikuwa mnaniuliza kwa nini sivitupi.

Kwa hiyo: uzi mmoja wa urefu, mmoja wa upana. Choma zote mbili.

2. Maji yakishatumika, yaache wazi, yakoroge mara kwa mara yapate hewa, rangi iliyobaki itatuama. Chuja kwa kitambaa kikuukuu. Tia siki mpaka karatasi nyekundu ya litmasi, ya kupimia ukali wa maji, iache kugeuka buluu. Ndipo umwage, mbali na bustani na kisima.

3. Nta ikiganda juu ya maji ya kuchemshia, itoe, itatumika tena. Na hiyo parafini inatokana na mafuta ya petroli, ukoo mmoja na poliesta, kwa hiyo mnaowaambia wateja "batiki yangu ni asili tupu" punguzeni sauti.

4. Mteja atakuuliza kati ya pamba na poliesta kipi kinaharibu mazingira zaidi. Usiapie upande wowote. Bahari ya Aral, kule Asia ya Kati, ilikauka sehemu kubwa kwa sababu mito ya Amu Darya na Syr Darya iligeuzwa kumwagilia mashamba, ya pamba hasa, kuanzia miaka ya 1960. Pamba ya Shinyanga na Simiyu hutegemea mvua, deni lake kubwa ni viuadudu. Poliesta nayo hunyonyoka kila ikifuliwa: utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth wa mwaka 2016 ulikadiria kuwa kilo 6 za nguo za poliesta hutoa nyuzinyuzi karibu 496,000 kwa mfuo mmoja wa mashine, na akriliki zaidi ya 700,000. Hiyo ni plastiki, haiozi. Lakini shati la shule la tetroni (nayo ni poliesta) nyumbani kwangu limevaliwa na ndugu watatu na bado lina kola. Hilo nalo lihesabiwe.

5. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Glavu. Sitarudia.

Mama jirani bado yupo, na mchicha wake ndio tunaokula hapa mchana. Ila akisikia jiko langu linawashwa huchungulia uani: "Leo rangi gani, nivune kabisa?"