Asilimia mbili za halmashauri si mbadala wa mfadhili

Dada wa Ubungo, pole. Mfadhili amejitoa, na wazazi mnataka mkopo wa halmashauri ulipe walezi wa kituo cha vijana wenu wenye usonji na ulemavu wa akili. Tafadhali msifanye hivyo. Ruzuku ikitumika imekwisha. Mkopo lazima urudi, na mshahara wa mlezi hauzalishi marejesho.

Fedha hizo ni sehemu ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Zilisitishwa 2023, zikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Hazina riba, na hiyo ndiyo nafuu yenu kubwa.

Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba ya kikundi chenu, muhtasari wa kikao, vitambulisho vya taifa (NIDA) na akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Jina la kikundi liandikwe vilevile kila mahali. Hata herufi moja ikipishana, karatasi zinarudi.

Kazi kubwa ni andiko la mradi utakaorudisha mkopo. Tuseme ni kuku wa mayai, mkopo wa shilingi 6,000,000 kwa miezi 12: marejesho ni 500,000 kila mwezi. Mkinunua vifaranga, hamtaona yai hadi karibu miezi mitano, na chakula kinaliwa kila siku. Vikundi vingi huzama hapo. Nunueni mitetea ya wiki 16 na mwombe muda wa kujipanga kabla ya rejesho la kwanza. Kituo kilipwe kutokana na faida tu.