Barua kwa mwanangu: kwa nini sionekani majini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili nikitafakari namna ya kukujibu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni iwapo inafaa kuwapeleka wajukuu zangu likizo ya kisiwani mwaka huu, mmoja akiwa na miaka 5 na mwingine miaka 2, ilhali huyo mdogo hatakumbuka chochote akikua. La pili umelitia mwishoni kana kwamba ni mzaha: umefungua albamu ya safari yetu ya kisiwani ya utotoni mwako, ukaona kwamba katika kila picha nimeketi mchangani na kofia yangu pana ya ukili, wala hakuna hata moja niliyomo majini, na ungependa kujua kama nilikuwa nimechoshwa na safari yenyewe. Nitaanza na hilo la pili, maana jibu la kwanza limo ndani yake.

Wakati ule ulikuwa na umri wa mwanao mkubwa, na mdogo wako alikuwa hajatimiza miaka 2. Siku ya pili tangu tufike, tulikaa kando ya kidimbwi kilichoachwa na maji yaliyokupwa, kina chake hakizidi magoti yangu. Baba yenu alisimama hatua nne kutoka kwenye maji, mimi hatua sita, na kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake ndiye anayemtazama mtoto. Nilikuwa nikikung'uta mchanga kwenye taulo. Nilipoinua macho nilimwona mdogo wako ameteleza, maji yamemfika mdomoni, kichwa kimelala nyuma na macho yameelekea angani. Hakulia, hakupunga mkono, hakurusha hata tone la maji. Viganja vyake vilikuwa vikibonyeza maji ubavuni taratibu, kama mtu anayejaribu kuinuka kutoka kwenye godoro lililobonyea. Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka uzito wake nilipomnyanyua, kikohozi chake, na kilio kilichofuata, ambacho sijapata kusikia sauti tamu kama ile.

Hilo hatukuwahi kukusimulia. Baba yenu na mimi tulikuwa tumezoea kudhani kwamba anayezama hupiga kelele, kumbe anayezama hana pumzi ya kupigia kelele, kwa sababu kila mara mdomo wake unapoibuka juu ya maji hauna nafasi ila ya kuvuta hewa, na mikono haiwezi kupunga kwa kuwa inajitahidi kuyabonyeza maji ili kichwa kisizame. Kwa mtoto mdogo mambo yote huweza kwisha kabla ya dakika moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5.

Usiku ule, nyinyi mkiwa mmelala, tuliwekeana sharti. Kofia ilikuwa moja. Aliyeivaa hakuwa na kazi nyingine isipokuwa kuwatazama watoto majini: hasomi, hapigi soga na majirani wa mchangani, hatafuti kitu mkobani. Nusu saa ikipita, au akichoka kabla ya hapo, alimvika mwenzake kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia kwamba zamu ni yake, na mwenzake alipaswa kujibu kwamba ameipokea, la sivyo zamu ilikuwa haijahama. Siku ya kwanza tulichekana, maana tulionekana kama askari wawili wanaopokezana lindo, lakini siku ya tatu niligundua jambo ambalo sikulitarajia: kwa mara ya kwanza tangu mzaliwe nilipumzika. Nusu saa isiyokuwa na kofia ilikuwa yangu kabisa, kwa sababu nilijua kwa hakika kwamba kuna mtu anatazama. Kabla ya hapo sote wawili tulikuwa tukitazama nusunusu kutwa nzima, na jioni sote tukawa hoi.

Sasa ifikirie kamera. Aliyeishika kamera hamtazami mtoto, anaitazama picha, kwa hiyo ilikuwa marufuku kwa mwenye kofia kuigusa. Kamera ile ilikuwa ya baba yenu, naye hakumruhusu mtu mwingine kuishika, hata mimi. Ndiyo maana kila picha uliyoiona ilipigwa wakati kofia iko kichwani mwangu. Ikiwa kichwani mwake, kamera ilikaa mkobani, nami nilikuwa majini pamoja nawe, umening'ang'ania shingo, ukinisihi twende hadi pale maji yanapobadilika rangi. Saa hizo zilikuwa nyingi, mwanangu, na hazina picha hata moja.

Kuhusu kumbukumbu, ni kweli kwamba watu wazima wengi hawakumbuki lolote lililowapata kabla ya miaka mitatu hivi, na mdogo wako hukana kabisa kwamba aliwahi kufika kisiwani. Wewe unakumbuka kaa mmoja aliyekuwa ndani ya ndoo, basi. Kwa hiyo nendeni, ila msichague kisiwa kwa sifa za mandhari yake, kwa kuwa wanaosafiri nanyi watashughulika na ndoo, mchanga na maji ya vifundoni. Chagueni mahali pamoja na mkae hapo hapo siku zote. Kuhamahama na mtoto wa miaka 2 ni kufunga na kufungua mizigo tu. Chumba chenu mlango wake usifungukie bwawa au ufukwe moja kwa moja, na kama unafungukia, kuwe na komeo la juu asilolifikia, kwani mtoto huamka alfajiri wazazi wakiwa usingizini na hapo mwenye kofia hayupo.

La kulichunguza zaidi ya yote ni maji yenyewe, na hapa utanisamehe nikirefusha. Katika visiwa vingi vya tropiki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo sababu kila siku yanachelewa kwa dakika zipatazo 50. Mkiyakuta yamejaa saa 4 asubuhi siku ya kufika, baada ya wiki moja saa hiyo hiyo mtayakuta yamekupwa, na ufukwe mliouzoea utakuwa umegeuka kuwa mwingine. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kukauka sana, na mikondo ya kuingia na kutoka huwa na nguvu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua. Mwenye watoto wadogo afike wakati wa maji mafu akiweza. (Viko visiwa, kama vingi vya Karibi, ambako kujaa na kupwa ni kudogo sana kiasi kwamba haya yote hayakusumbui, lakini mawimbi hayakosekani.)

Tafuteni ufukwe uliozibwa na mwamba wa matumbawe, kwa kuwa mawimbi huvunjikia mbali na maji ya ndani hutulia. Hata hapo pana hila yake. Maji yanapokupwa, yote yaliyoingia ndani ya mwamba hutafuta mlango wa kutokea, na karibu na mlango huo mkondo huweza kumchukua hata mtu mzima anayejua kuogelea. Kwenye ufukwe wa wazi mkondo wa kutoka mara nyingi huwa mahali panapoonekana patulivu, katikati ya sehemu mbili zenye povu, na wazazi hupeleka watoto pale pale kwa kudhani kwamba ndipo salama. Ukikuchukua usishindane nao kurudi nchi kavu. Elea, vuta pumzi, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie. Penye waokoaji, waulizeni asubuhi kabla ya kutandika taulo, na muogelee baina ya bendera zao za nyekundu na njano. Bendera nyekundu tupu maana yake ni kwamba siku hiyo mnajenga nyumba za mchanga.

Maboya ya plastiki yanayojazwa upepo, yale yenye sura za bata na mamba, acheni nyumbani. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu huyasukuma kwenda nje haraka kuliko baba anavyoweza kuogelea, na yale ya kuvaa mkononi huchomoka. Mdogo avae jaketi la kuokolea linalolingana na uzito wake, na hata hivyo awe mahali ambapo mkono wako unamfikia. Nguo zao za kuogelea ziwe za rangi ya chungwa au waridi kali. Ya buluu inapendeza dukani, lakini ndani ya maji humwoni mtoto.

Jua mnalijua, kwa hiyo nitasema machache. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri muwe kivulini, na huo ndio muda wa kulala mchana na wa hadithi. Mimi na baba yenu tuliungua siku ya mawingu, maana mawingu mepesi huzuia mwanga wa kuonekana lakini hupitisha sehemu kubwa ya miale inayounguza, na mchanga huirudisha kutoka chini. Mafuta ya kukinga jua yenye namba 30 ya kinga (SPF) huzuia takriban asilimia 97 ya miale hiyo, na ya namba 50 asilimia 98, hivyo msilipie zaidi kwa ajili ya namba kubwa. Kinachofaa ni kuyapaka tena kila baada ya saa mbili na kila mtoto anapotoka majini. Someni pia kibandiko. Visiwa vya Palau tangu mwaka 2020 na vya Hawaii tangu mwaka 2021 vimepiga marufuku uuzaji wa mafuta yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda matumbawe, na yenye oksidi ya zinki yanakubalika kote huko. Shati la mikono mirefu la kuogelea, hata hivyo, linashinda mafuta yote, kwani halifutiki.

Mwanao mkubwa ataokota makombe, kama ulivyookota wewe. Mfundishe kuokota yale matupu yaliyotupwa na maji mchangani, na asiguse kamwe konokono wa baharini mwenye ganda lenye umbo la koni, lililopambwa vizuri kama kitambaa, kwa sababu wamo ambao wana sumu iliyokwisha kuua watu, na ganda zuri zaidi ndilo linalomvuta mtoto. Mashimo ya mchangani yasizidi magoti ya mtoto aliye mfupi kuliko wote. Mchanga mkavu hubomoka bila onyo, na mwaka 2007 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kuhusu watoto na vijana waliofunikwa humo na kufa. Wala msitandike chini ya mnazi wenye nazi, hata kivuli chake kiwe kizuri namna gani.

Usidhani kwamba mtoto wa miaka 5 ni mdogo mno wa kuelezwa haya. Tarehe 26 Desemba 2004, katika ufukwe wa Mai Khao kisiwani Phuket, nchini Thailand, msichana Mwingereza wa miaka 10, Tilly Smith, alikuwa likizoni na wazazi wake na mdogo wake, akaona bahari ikitoa povu na kwenda kwa namna isiyo ya kawaida. Wiki mbili kabla alikuwa amefundishwa habari za tsunami katika somo la jiografia. Mama yake hakumwelewa mwanzoni, kama ambavyo huenda nami nisingekuelewa, lakini msichana hakunyamaza mpaka baba yake akamwarifu mlinzi wa hoteli, na watu wakaondolewa ufukweni kabla wimbi halijafika. Kwa hiyo mkiwa pale, mwanao akikuambia kwamba maji yamekuwa tofauti na jana, acha unachokifanya uende ukatazame naye.

Usiku wa kwanza mtagombana kidogo kuhusu zamu, na mume wako atasema kwamba yeye hutazama hata bila kofia. Baba yenu alisema hivyo hivyo. Mvike tu.

Kofia yangu ilikwisha kuchakaa zamani, kwa hiyo nunueni yenu, iwe pana na iwe moja. Kisha niandikie tarehe mnazozifikiria, nami nitatazama kalenda nione mwezi utakuwa wa siku ngapi.

Ni mimi,
Mama yako