Damu Yao Ilisema Nini?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema kina mama wa kijiji kile cha Thyolo, huko Malawi, waliweka dole gumba kwenye fomu za ridhaa ya kuchukuliwa damu kwa utafiti wenu Jumatatu, lakini mliporudi Jumatano na sindano mkakuta milango imefungwa. Unaniuliza, "Mama, nimekosea wapi?" Pengine hujakosea wewe. Pengine wamekosea waliokutangulia, na mimi nikiwa mmoja wao.

Unajua nilifika Malawi mwaka 2002, wewe ukiwa na miaka mitatu, nimekuacha kwa bibi yako hapa Tanga. Nilikwenda kwa basi, Mbeya, Kasumulu, Karonga, hadi Blantyre, mwanafunzi katika mradi wa malaria kwa watoto. Wiki za mwanzo nilijiona niko nyumbani. Watu wanapiga "odi" mlangoni kama sisi tunavyopiga hodi, maji wanaita madzi, kitenge ni chitenje. Nikadhani kwa kuwa maneno ni ndugu, basi na mimi nimeshakuwa mtu wao.

Siku zangu zilikuwa kama zako. Saa kumi alfajiri napanga barafu kwenye boksi na kuhesabu mirija, mchana kutwa nyumba kwa nyumba na mkalimani, jioni mbio kuiwahi maabara, usiku najaza madodoso kwa mshumaa umeme ukikatika. Hayo utayazoea.

Ila mwaka ule kulikuwa na njaa. Ilipofika Januari 2003 maghala yalikuwa matupu, mahindi mapya bado mabichi shambani, watu wanakula pumba, na anayetafuta ganyu, yaani kibarua cha kutwa, hakipati. Ndipo ukavuma uvumi wa wanyonya damu. Watu walisema serikali inatoa damu za raia ili ipewe chakula cha msaada. Rais Bakili Muluzi alikanusha hadharani, lakini hofu haikutulia. Na mimi nafika na gari jeupe, nina sindano, sina hata kilo moja ya unga.

Baadhi ya wenzangu walisema huo ni ujinga. Mimi sikuweza kusema hivyo. Bibi yako alikuwa akiliona gari la zimamoto anatuvutia ndani na kufunga mlango, kwa kuogopa mumiani, na bibi yako hakuwa mjinga. Mtu mwenye njaa akija kuchukuliwa damu bila kupewa chochote, ana sababu ya kuuliza inakwenda wapi.

Aliyeniuliza alikuwa bibi mmoja mzee. Alinikaribisha mkekani, akasubiri nimalize maelezo yangu yote, kisha akasema: "Mwaka jana wenzako walichukua damu ya mjukuu wangu. Ilisema nini?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa damu ile ilipimwa, ikawa namba kwenye jedwali, basi. Hakuna aliyerudi kumwambia kitu. Mwanangu, siku ile nililia garini.

Baada ya hapo tuliomba mashine ndogo ya kupima wingi wa damu tuipeleke kijijini. Tone moja la kidoleni, baada ya muda mfupi namba inatokea, mama anaiona kwa macho yake. Kwa mtoto mdogo, wakati ule chini ya 11 ilihesabiwa upungufu, na mama aliondoka na dawa ya kuongeza damu mkononi. Slaidi za malaria tulizisomea zahanati siku hiyohiyo. Zile mililita 5 za damu tulizochukua mshipani tuliwaonyesha kwa maji kwenye kijiko cha chai, kikajaa kimoja tu, wakakishika wenyewe. Gari tuliliacha barabarani tukaingia kwa miguu, mchana kweupe. Na kwa mfumu, yaani mkuu wa kijiji, tulikaa hadi maswali yakamwishia, hatukukimbilia saini yake.

Yule bibi alituruhusu mwezi uliofuata. Nyumba nyingine hazikufunguka hadi naondoka, wala sikuzigonga tena. Na wewe usilazimishe. Dole gumba la Jumatatu halimfungi mtu. Ana haki ya kubadili mawazo Jumatano, na hadaiwi sababu.

Kumbuka pia mwaka 2017, hapo jirani yako Mulanje na Phalombe, uvumi uleule ulirudi. Watu waliuawa na makundi yenye hasira, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake. Kina mama hao wanakumbuka. Mkalimani wako akikwambia leo tusiende, msiende. Hilo nakuomba kama mama yako, utafiti baadaye.

Sasa kabla hujarudi kijijini, muulize msimamizi wako kama kuna mradi uliowahi kuchukua damu pale, na kama majibu yalirudishwa. Kama hayakurudishwa, yatafute hata kama si yenu, uyapeleke wewe, na siku hiyo sindano zibaki ofisini. Nenda na mikono mitupu na hayo majibu.

Niandikie walichokwambia. Na chiperoni imeshaanza huko? Ule ukungu na manyunyu ya Juni huingia hadi kwenye mifupa. Sweta ya kijani nimeikunja chini kabisa ya begi, ndani ya kanga.

Mama yako