Chembe nyeupe 14,000: usikimbilie kuwaza saratani

Pole sana dada. Umesema una kikohozi cha wiki nzima, kipimo cha damu kimeonyesha chembe nyeupe za damu 14,000, na sasa hulali ukiwaza saratani ya damu.

Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida ni kama 4,000 hadi 11,000 kwa mikrolita moja ya damu. Chembe hizi ni askari wa mwili. Vijidudu vikiingia, uboho wa mifupa huongeza askari. Kwa hali yako, mimi ningeshuku maambukizi kwanza.

Chukua tena ile karatasi ya majibu, tazama chini ya jumla, utaona mgawanyo wa aina za chembe nyeupe. Neutrofili zikiwa juu, mara nyingi ni bakteria. Limfosaiti, mara nyingi virusi. Eosinofili zikipanda, fikiria minyoo, pumu au mzio.

Halafu, je, unatumia prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini? Dawa hiyo hupandisha chembe nyeupe, na watu wengi husahau kumtajia daktari. Uvutaji sigara, ujauzito na hata mazoezi makali hupandisha pia.

Saratani ya damu ni sababu mojawapo, sikufichi. Ukiona unakonda bila sababu, homa haiishi, unalowa jasho usiku, tezi zimevimba au unatokwa damu ovyo, nenda hospitali haraka. Ukishindwa kupumua vizuri, nenda leo hii. Tafadhali usijinunulie antibiotiki kwa sababu ya namba hiyo tu. Mwonyeshe daktari mgawanyo, na kikohozi kikiisha mwombe arudie kipimo.