Pembetatu ya pili kuharibika kwenye GeoGebra

Salamu mwalimu. Unauliza mbona kwenye GeoGebra, programu ya kuchorea maumbo ya hisabati, pembetatu ya pili uliyochora iwe nakala ya ile ya kwanza inapoteza umbo mwanafunzi akivuta kipeo, ilhali ulipima pande zote zikawa sawa. Angalia kwanza kama vipeo vyake ni nukta huru, yaani zinazoweza kuvutwa popote. Vikiwa huru, hakuna kinachoshikilia vipimo. Ifute. Chora AB kwa urefu maalum wa 8, halafu duara la nusu kipenyo 6 kutoka A na la 5 kutoka B. Yanapokatana ndipo C. Rudia vivyo hivyo pembeni. Makutano ni mawili, kwa hiyo nakala inaweza kugeuka kama kwenye kioo, bado zinalingana. Ila pande mbili na pembe isiyo kati yao hazitoshi kuonyesha kuwa pembetatu zinalingana: pembe A 30°, AB 8, BC 5 hutoa pembetatu mbili tofauti. Hilo wanafunzi walione wenyewe kwenye skrini.