GCaMP na sinapsi zilizopoa: mashine iache kwanza

Mdogo wangu, pole na hizo slaisi za ubongo. Umesema tangu uweke GCaMP6, ile protini inayong'aa kijani ikishika kalsiamu, kwenye ubongo wa panya mwitikio wa sinapsi (pale neva moja inapopitisha ujumbe kwa nyingine) umeshuka na unauliza kama mashine ya kurekodi ndo mbovu, mi nadhani iache kwanza. Hiyo protini haiangalii tu kalsiamu, inaishika, ndani yake kuna kalmodulini, protini inayoshika kalsiamu, na ikijazana kwenye ncha ya aksoni, ule mkia wa neva unaotuma ujumbe, inameza ile kalsiamu iliyokuwa iende kufungulia vifuko vya nyurotransmita, kemikali inayobeba ujumbe. Na hapo ndo balaa, manake Dodge na Rahamimoff walishaonyesha 1967 kwenye neva na msuli wa chura kwamba utoaji wa hiyo kemikali unapanda karibu kwa kipeo cha nne cha kalsiamu, we piga 0.8 kwa 0.8 kwa 0.8 kwa 0.8 uone, kalsiamu ikipungua asilimia 20 tu unabaki na kama asilimia 41 hivi ya utoaji.

Sasa punguza dozi ya virusi vinavyobeba jeni ya GCaMP, usikae miezi ndo urekodi, na ukiona kiini cha seli nacho kinang'aa kijani achana na hiyo seli, ishachoka. Kontroli yako iwe panya mwenye GFP tupu, protini ya kijani isiyoshika kalsiamu, sio ambaye hajachomwa kitu, alafu piga mapigo mawili ya karibu karibu ulinganishe jibu la pili na la kwanza, uwiano ukibadilika basi shida huenda iko upande wa neva inayotoa. GCaMP-X, aina nyingine ya GCaMP, nayo ipo, ilitengenezwa isiingilie chaneli za kalsiamu, ila mi ningeanza na dozi, haina gharama.