Kocha mzee wa chuo astaafu lini: jibu langu baada ya miaka mitano Tallahassee

Ndugu aliyeuliza ameeleza kwamba katika chuo anachosoma mwanawe huko Marekani, kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi, ana umri wa miaka 73 na amekaa kazini miaka 28. Misimu mitatu iliyopita timu imefungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda, na sasa wazazi na wahitimu wamegawanyika kati ya wanaotaka aondoke na wanaoona kwamba kumwondoa ni utovu wa shukrani. Anauliza ni kipimo gani kitumike. Mimi nina kipimo kimoja tu: kocha wa chuo anapaswa kustaafu pale anapokuwa hawezi tena kuketi sebuleni kwa mzazi na kumwahidi kijana wa miaka 17, bila kujidanganya wala kumdanganya, kwamba atakuwepo mpaka kijana huyo ahitimu.

Niliishi Tallahassee, mji mkuu wa jimbo la Florida, kuanzia mwaka 2005 hadi 2010, nikisoma katika Chuo Kikuu cha Florida State. Nilitoka Morogoro nikiwa sijui mchezo mwingine isipokuwa kandanda, lakini katika mji ule huwezi kukaa wiki tatu bila kumfahamu Bobby Bowden, kocha mkuu wa futiboli wa chuo chetu. Alifika pale mwaka 1976, akaikuta timu ambayo katika misimu mitatu iliyotangulia ilikuwa imeshinda mechi nne tu kwa jumla. Kuanzia mwaka 1987 hadi 2000 hakukuwa na msimu hata mmoja ambao alishinda mechi chini ya kumi au kumaliza nje ya timu tano bora za nchi nzima, na ubingwa wa taifa aliuchukua mwaka 1993 na 1999. Nilipofika, uwanja wa kuchezea ulikuwa tayari umepewa jina lake na sanamu yake ilikuwa imesimamishwa nje ya jengo la michezo, ilhali mwenyewe bado alikuwa kazini. Nimewahi kufikiri sana juu ya hilo, kwa sababu kwetu sanamu huchongewa mtu aliyekwisha kuondoka, na sijui ni nani angeweza kumwendea mtu wa namna hiyo na kumwambia kwamba mazoezi ya jana hayakwenda vizuri.

Siku za mechi nilikuwa nikifanya kazi katika kibanda cha vinywaji ndani ya uwanja wa Doak Campbell, ambao wakati ule uliingiza watu zaidi ya 80,000. Nilikuwepo tarehe 11 Novemba 2006, siku ambayo Wake Forest, chuo kidogo cha North Carolina, kilikuja na kuwafunga wenyeji 30 kwa 0. Tangu Bowden aanze kazi pale haikuwahi kutokea timu yake ikamaliza mechi nyumbani bila pointi hata moja. Watu walianza kuondoka mapema, wengi wakiwa kimya, na waliosimama kibandani kwetu hawakumlaumu mzee hata kidogo. Lawama zote zilimwendea mwanawe, Jeff, ambaye tangu mwaka 2001 ndiye aliyekuwa msaidizi wa kupanga mashambulizi, baada ya Mark Richt aliyeshika kazi hiyo kwenda kuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Georgia. Wiki ileile Jeff alijiuzulu. Mkubwa ni jaa, wahenga wamesema, lakini hapa mkubwa alikuwa amepandishwa juu mno kiasi kwamba taka zilikosa pa kutupwa zikamwangukia mtoto. Nilijifunza kwamba timu inaweza kuoza kwa miaka mitano huku kila mtu akiuona uozo huo, na bado neno la kweli likakosa njia ya kumfikia mwenye uwezo wa kurekebisha.

Hata hivyo kipimo changu sikukipata uwanjani. Nilikuwa nikisali katika kanisa moja ambalo waumini wake wengi walikuwa Wamarekani weusi, na mama mmoja pale alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa akitafutwa na vyuo kadhaa akavichezee futiboli. Ni vigumu kwa mtu aliyekulia kwetu kuelewa uzito wa jambo hili. Kijana wa sekondari hutembelewa na makocha nyumbani kwao, hupigiwa simu usiku, huandikiwa barua, na mwishowe, kwa utaratibu wa miaka ile, siku moja ya Februari alikuwa akitia saini karatasi iliyomfunga na chuo kimoja, naye akapata malipo ya masomo, chakula na malazi. Kwa familia kama ile, saini hiyo ndiyo nyumba na shamba. Jumapili moja baada ya ibada yule mama aliniomba, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nimweleze ninavyoona. Kocha msaidizi kutoka chuo kingine, ambacho sitakitaja, alikuwa amekaa kwenye kochi lake na kumwambia kwa adabu kabisa: mama, yule mzee ni mtu mwema, lakini mwanao atakapokuwa mwaka wa tatu, atakuwa akifundishwa na mtu ambaye hujawahi kumpikia chakula.

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kumweleza juu ya historia ya chuo, juu ya ubora wa masomo, nikaona anatikisa kichwa kwa upole. Hakuwa akiuliza juu ya ushindi. Alikuwa akiuliza ni nani atakayempigia simu mwanawe akiumia goti akiwa mbali na nyumbani, na kama mtu huyo ndiye yuleyule anayemfahamu leo. Kijana alikwenda kwingine.

Chuo chetu chenyewe kilikuwa kimekwisha kukiri jambo hilo bila kulisema hivyo. Desemba 2007 kilimtangaza Jimbo Fisher, aliyekuja mwaka huohuo kupanga mashambulizi, kuwa ndiye atakayerithi nafasi ya kocha mkuu. Wako wanaosifu utaratibu huo wa kumtaja mrithi mapema, nami nakubali kwamba uliwatuliza baadhi ya wazazi, lakini niliuishi na nikaona upande wake wa pili. Wasaidizi hawakujua wamsikilize nani, na ahadi iliyokuwa ya mzee sasa ilitolewa na mtu mwingine huku mzee akiwa bado ameketi kitini. Siku uongozi unapolazimika kumweka mtu mwingine atoe ahadi kwa niaba ya kocha, kocha amekwisha kustaafu, hata kama bado analipwa mshahara. Oktoba 2009 mwenyekiti wa bodi ya wadhamini alisema hadharani kwamba mzee aondoke mwisho wa msimu, na tarehe 1 Desemba Bowden akatangaza kuondoka, akiwa na miaka 80. Niliumia jinsi ilivyofanywa. Mtu aliyejenga kila kitu pale hakupaswa kuambiwa jambo hilo kupitia magazeti.

Lazima nimtendee haki pia, maana hofu yake haikuwa ya bure. Alikuwa akisema mara kwa mara kwamba baada ya kustaafu limebaki tukio moja tu kubwa katika maisha ya mtu, naye alikuwa akimfikiria Bear Bryant, kocha wa Chuo Kikuu cha Alabama, ambaye alisimamia mechi yake ya mwisho tarehe 29 Desemba 1982 na kufariki siku 28 baadaye. Makocha wa kizazi cha Bowden walikibeba kifo kile mioyoni. Tunaposema kwa wepesi kwamba mzee apumzike, tukumbuke kwamba kwake neno hilo lina maana nyingine. Lakini Bowden mwenyewe aliishi karibu miaka 12 baada ya kuondoka, mpaka Agosti 2021.

Najua kuna mtu atanijibu kwa kumtaja Joe Paterno, aliyekuwa kocha wa chuo cha Penn State, na mfano huo ni mzito kweli. Kati ya mwaka 2000 na 2004 timu yake ilishindwa zaidi ya ilivyoshinda katika misimu minne kati ya mitano, na viongozi wa chuo walikwenda hadi nyumbani kwake kumshauri aachie ngazi. Akakataa. Msimu uliofuata alishinda mechi 11 na kupoteza moja, na Januari 2006 alikutana na Bowden wetu kule Miami katika Orange Bowl, mojawapo ya mechi kubwa za kufunga msimu, mmoja ana miaka 79 na mwingine 76, akashinda 26 kwa 23 baada ya nyongeza tatu za muda. Niliitazama mechi ile mpaka baada ya saa sita usiku nikiwa na furaha ambayo bado naikumbuka, ingawa tulifungwa. Kwa hiyo, ndugu, misimu mitatu mibaya peke yake si hoja ya kumwondoa kocha wenu, na anayekuletea hoja hiyo tu mwambie alete nyingine.

Lakini habari ya Paterno haikuishia Miami. Alibaki miaka sita zaidi, mingine akifundisha akiwa kwenye chumba cha juu cha waandishi kwa sababu nyonga haikumruhusu kusimama pembezoni mwa uwanja, na Novemba 2011 alifukuzwa kwa simu. Msaidizi wake wa zamani, Jerry Sandusky, alikuwa amekamatwa kwa kuwadhulumu watoto wa kiume kingono, na ikabainika kwamba Paterno aliletewa taarifa mwaka 2001, akaipeleka kwa wakubwa wake, na jambo likaishia ndani bila kufika polisi. Alifariki Januari 2012. Sisemi kwamba uzee ndio uliosababisha hayo, maana waliokosea walikuwa wengi na wengine hawakuwa wazee. Nasema kwamba mahali ambapo mtu mmoja amekaa miaka 46 kama kocha mkuu, jina lake huwa ukuta, na watoto wale walikuwa upande wa pili wa ukuta huo.

Upande mwingine yuko Tom Osborne, kocha wa Chuo Kikuu cha Nebraska, aliyeondoka baada ya msimu wa 1997 akiwa na miaka 60 tu, moyo ukiwa umeanza kumsumbua, na mechi yake ya mwisho ikampa sehemu ya ubingwa wa taifa.

Mtu aliyenithibitishia fikra yangu ni Nick Saban wa Alabama, aliyestaafu Januari 2024 akiwa na miaka 72 na mataji saba ya taifa, siku chache baada ya kupoteza mechi ya nusu fainali dhidi ya Michigan. Alipoeleza sababu, alisema kwamba wachezaji aliowasajili na makocha aliotaka kuwaajiri walikuwa wakitaka uhakika kwamba atakuwepo miaka mitatu au mitano ijayo, na kwamba ilizidi kuwa vigumu kwake kuwajibu kwa ukweli. Niliposikia maneno hayo nilimkumbuka mama yule wa kanisani.

Sasa nije kwa kocha wenu. Usianze na idadi ya mechi. Tafuta wazazi wawili au watatu wa wachezaji wa mwaka wa kwanza, uwaulize ni nani aliyefika nyumbani kwao, na mzee aliwaambia nini kuhusu miaka minne ijayo. Wakikuambia kwamba alikuja yeye mwenyewe, anawafahamu wadogo zao kwa majina, na alisema waziwazi atakuwepo hadi mwaka fulani, basi mwacheni afanye kazi, mumsaidie kupata wasaidizi wenye ujasiri wa kumpinga. Wakikuambia walitembelewa na wasaidizi tu, na swali la miaka likajibiwa kwa kuonyeshwa makombe ya zamani, basi muda wake umefika. Katika hali hiyo ningewaomba wahitimu wawili au watatu ambao aliwafundisha miaka ya mwanzo, wanaompenda, waende kwake msimu ukiisha na kabla ya vijana wapya kutia saini, bila waandishi wa habari na bila rais wa chuo, wakae naye mchana mzima, wamuulize swali lilelile la yule mama, kisha wamwache achague mwenyewe tarehe ya kutangaza.